Sekunde Kumi na Nne

Brest, tarehe 24 Februari 2024

Yaya Florentine mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa shemeji, na kwa mpwa wangu Bénite, ambaye nasikia sasa anajibu wakubwa kama wakili. Tante Orpa pia umfikishie salamu kule Rughenda, mwambie mtoto wake bado anakula, ijapokuwa huku viazi vinapikwa bila chumvi. Mimi ni mzima. Mvua ya hapa hainyeshi kama ya Butembo. Inakaa tu hewani siku nzima, unarudi nyumbani umelowa bila kujua ni saa ngapi ulinyeshewa.

Sasa habari yenyewe. Yaya, nimepita. Jumatano tarehe 21 walibandika majina ya watakaofanya kazi ya mwisho ya shahada ya mastère upande wa sous-marin, ile meli inayotembea chini ya maji, na jina langu lipo. Tulioomba tulikuwa kumi na tisa, wakachukua wanne. Usianze kuniombea rozari, hawatanizamisha popote. Sisi wageni hatuingii ndani ya sous-marin, hata mlangoni hatusogei. Nitakaa maabara na pampu moja iliyofungwa juu ya meza, na kazi yangu ni kuifanya isisikike. Meli ya namna hiyo ikisikika na adui imekwisha, yenyewe na watu wote walio ndani. Ndiyo maana wanatafuta mtu wa kuchunguza roulement moja, beringi moja tu, miezi minane.

Waliponiuliza nilijifunza wapi kusikiliza mashine, niliwaambia ukweli. Niliwaambia Papa aliendesha moulin ya mahindi pale Butembo miaka ishirini na sita, na kwamba nilipokuwa darasa la nne alinifundisha kuweka ncha ya tournevis, bisibisi yake, juu ya mashine na mpini kwenye sikio, nisikie roulement inayougua kabla haijafa. Nilidhani watanicheka. Profesa mmoja mzee akafungua droo yake, akatoa tournevis, akaiweka mezani mbele yangu.

Jumatano ile nilipoona jina langu nilimpigia Papa hapohapo, saa sita mchana ya huku, saa saba yenu. Nilijua yuko shambani Beni kwenye kakao yake, mais nilishindwa kungoja jioni. Simu ililia muda mrefu. Unajua alivyoiweka sauti ya juu kabisa tangu moulin ilipomharibu masikio, ikilia Beni mbuzi wa Butembo wanashtuka. Mwisho akapokea. Nikasema: “Papa, nimepita. Ni tournevis yako.” Hakusema kitu. Nikasikia kama mtu anayetembea juu ya majani makavu, halafu ikakatika. Simu yangu imeandika sekunde kumi na nne. Nikapiga tena mara tano, mnanijua, nikikatiwa situlii. Imezimwa mpaka leo.

Réseau ya Beni naijua, mtandao wake hukatika ovyo. Ila nakuomba, ukimwona, umwulize kitu kimoja tu: alisikia?

Mdogo wako,
Éphraïm


Butembo, tarehe 19 Machi 2024

Éphraïm mdogo wangu,

Barua yako ilikaa Kinshasa kwa masista zaidi ya wiki mbili, ikashuka Rughenda juzi na ndege ndogo. Sisi tuko. Bénite ameng'oka jino la mbele, anakataa kucheka mbele ya watu. Baridi ya asubuhi ni ileile. Mume wangu yuko safarini na biashara yake, nyumba imekuwa kubwa.

Nimemwuliza Papa. Alisikia, na amefurahi.

Simu yake imepotea, donc usimpigie tena. Na mimi usinipigie. Yangu nimeizima, iko kabatini chini ya mashuka, mlio wake unaniumiza kichwa. Kwenye groupe ya familia nimekutoa mimi mwenyewe, usilaumu mtu mwingine. Kila siku watu wanatuma picha mbaya za Beni na wewe una masomo. Tuandikiane hivi kwa karatasi kama wazee wetu.

Papa haendi tena shambani. Hali ya kule unaijua, sina haja ya kuiandika. Kakao inaangaliwa na Syauswa, yule jirani wake wa shamba. Papa mwenyewe yuko mahali ambapo hakuna wa kumsumbua.

Siku hizi nachoka upesi, nisamehe barua ni fupi. Kaza moyo na pampu yako.

Dada yako,
Florentine


Brest, tarehe 28 Aprili 2024

Yaya Florentine,

Nimefurahi mpaka nimepika sombe ya kopo, majani yetu ya muhogo, nikawaalika wenzangu watatu. Hawakuielewa, lakini walimaliza sahani. Mwambie Bénite acheke tu, hata mimi jino langu la mbele liling'olewa na mlango wa moulin na nimefika Ulaya hivyohivyo.

Mais yaya, barua yako ina njaa. Alisikia, amefurahi, basi? Alisema nini hasa? Papa hajawahi kufurahi bila kuuliza maswali. Lazima aliuliza ni roulement ya namna gani na nani aliipaka grisi. Niandikie maneno yake yenyewe, hata kama ni ya kunitukana. Vizuri zaidi, mpe kalamu aandike mstari mmoja kwa mkono wake. Najua herufi zake zinapanda mlima. Nitazisoma.

Kazi imeanza. Pampu yangu iko ndani ya chumba ambacho kuta zake zinameza sauti. Ukikaa humo peke yako dakika kumi unasikia damu yako mwenyewe. Tunaiwasha, tunarekodi, halafu naketi na casque masikioni kutenganisha: huu ni mlio wa maji, haya ni meno ya gia, hii ni roulement. Mwanzoni zote ni kelele moja. Ukivumilia zinaachana, kila moja inakuja na jina lake. Papa angeyafanya yote haya kwa tournevis tu, akiwa anagombana na mwanamke aliyeleta mahindi mabichi.

Kuna jambo jingine. Hapa shuleni anapita daktari wa masikio, nikamweleza habari za Papa. Amenipa kifaa kidogo cha kuvaa sikioni, kimetumika lakini ni kizuri sana. Nimempa Padri mmoja anayerudi Butembo mwezi ujao. Mfundishe Papa kukivaa taratibu, asikikasirikie siku ya kwanza. Nikija Agosti nataka niongee naye bila kupiga kelele.

Éphraïm


Butembo, tarehe 30 Juni 2024

Éphraïm mdogo wangu,

Tunaendelea. Mji umejaa watu. Kanyabayonga imeanguka mikononi mwa waasi, wanaokimbia wanapanda huku Lubero na Butembo, magodoro kichwani. Parokia imefungua madarasa, na mimi kama secrétaire ndiye ninayeandika majina, kutwa nzima. Jana nimeandika watoto sitini na wawili. Kwangu nimepokea mama mmoja na binti zake wawili. Bénite analala nao kitanda kimoja, amekuwa mkubwa kwa ghafula.

Kifaa cha sikio kimefika. Nimekipeleka Beni mimi mwenyewe, nimekiweka kwa Papa kwa mikono yangu.

Hawezi kuandika, mkono haumsaidii. Kuhusu yale ya tournevis alisema ni vizuri.

Usije Agosti. Nakuomba, Éphraïm. Njia ni mbaya na ukitoka huko na karatasi zako za mwanafunzi labda hawatakuruhusu kurudi. Maliza kwanza, fanya défense yako mbele ya majaji wa shule, halafu tutaongea. Nijibu kwamba umenisikia.

Tante Orpa anakutumia kahawa na maharage. Amekataa nimsaidie, kifurushi amekifunga mwenyewe. Sista mmoja wa Ubelgiji atakipitisha.

Florentine


Brest, tarehe 15 Septemba 2024

Yaya,

Sitauliza habari za nyumbani, leo sina nguvu hizo.

Kifurushi kimefika Alhamisi. Kahawa ilikuwa imefungwa ndani ya tisheti nyeupe, imegeuzwa nje ndani. Nilifikiri tante ameokota kitambaa chochote. Nikakung'uta kahawa, nikaigeuza tisheti ili niikunje, nikamkuta Papa. Ni ile picha ya siku nilipopata diplôme, amevaa kofia ya mjomba. Chini yake wameandika: Papa Vagheni Abdias, 1957 – 21.02.2024, safari njema.

Umeona tisheti nyingi za matanga, yaya, na mimi vilevile. Tulizivaa kwa Mama. Zikichakaa tunapigia deki. Sikujua kwamba mtu anaweza kuipokea yake kwa posta, na kahawa.

Machi ulinijibu kwamba alisikia na amefurahi. Alikuwa na wiki nne ardhini. Juni ukaniambia alisema ni vizuri. Papa hajawahi kusema kitu ni vizuri maisha yake yote, nilipaswa kujua pale. Na mimi huku nilikuwa namtafutia kifaa cha sikio.

Nimekasirika sana nawe. Nimelia siku mbili, profesa amenirudisha nyumbani. Lakini hasira siyo iliyonikalisha kuandika. Ni tarehe. Tarehe 21 ndiyo niliyompigia.

Sikiliza, kwa sababu mimi sasa kazi yangu ni kusikiliza. Zile sekunde kumi na nne hazikurekodiwa popote, lakini ninazo kichwani. Mtu anayevuna kakao anatembea, anasimama, anakata, anasimama. Huyu alitembea bila kusimama hata mara moja. Hakukimbia pia. Na hakuna aliyeongea.

Simu ililia wapi, yaya? Nani alikuwa karibu naye? Usiniletee tena jibu la kunituliza. Défense yangu ni mwisho wa Novemba, na nitaifanya ukiniambia au usiponiambia, lakini nikiwa sijui nitaifanya kama mwendawazimu.

Éphraïm


Butembo, tarehe 3 Novemba 2024

Éphraïm, mtoto wa Mama yangu,

Jana ilikuwa siku ya marehemu wote. Nilipanda gari asubuhi mpaka Beni, nikang'oa majani kaburini, nikakaa pale mpaka jua likanifukuza. Kifaa chako kiko hapo, nilikizika mwezi wa sita chini ya msalaba, upande wa sikio la kushoto lililokuwa zima kidogo. Sikukudanganya kwa hilo. Kwa mengine nilikudanganya.

Tante Orpa usimlaumu. Kwenye matanga niliwaambia watu wote wa ukoo kwamba nimekupa habari, umejua, na unaomba wasikusumbue mpaka umalize. Waliniamini. Juzi nilipomwonyesha barua yako aliniuliza tu: “Sasa mutoto wa marehemu akose tisheti yake? Niliitunza tangu matanga. Niligeuza sura ndani, kahawa isimuchafue.” Alikuwa anakutendea haki yako. Mwenye kosa ni mimi.

Sasa nitakueleza, na nitaandika kama alivyoniambia Syauswa, nisipunguze.

Siku ile wale watu wa pori wenye silaha walipita mashamba ya upande wetu mchana kweupe. Papa na Syauswa waliwaona kwa mbali. Eliane, mke wa mtoto wa Syauswa, alikuwa nao na mtoto wake wa miezi minne. Hawakuwa na muda wa kufika barabarani. Walilala wote ndani ya mfereji mkavu, chini ya kakao.

Syauswa alisema hivi: “Bale batu banapita mu njia, karibu kama hapa na pale kwa mulango. Mutoto alikuwa ananyonya, ananyamaza. Njo simu ya Vagheni inalia. Anaitoa mu mufuko, anaangalia jina, na mimi nasoma: Éphraïm. Hapana kuizima. Anatuangalia, anaangalia mutoto, anasimama. Anaenda nayo, inalia tu, mpaka mbali kule mu kakao yangu. Banamufuata yee. Siye banatuacha.”

Nilimwuliza kwa nini hakubonyeza ile nyekundu, hata mtoto anaijua. Syauswa alisema naye anajiuliza. Mimi nilikuwa nimeshapata jibu. Papa alikuwa anakujua. Angekukatia, ungepiga tena papo hapo, na ingelia tena juu ya kichwa cha yule mtoto. Na wale watu walikuwa wameshaisikia. Hakuwa na pa kuipeleka isipokuwa mbali.

Syauswa aliendelea: “Alipofika mbali niliona anaitia ku sikio. Hapana sema kitu. Alikuwa anatembea polepole tu, anasikiliza.” Baada ya hapo Syauswa alifunika uso, hakuona. Walimkuta Papa jioni. Mtoto wa Eliane sasa anasimama kwa kushika ukuta.

Kwenye matanga watu walijua tu kwamba alikutwa shambani. Habari ya simu tunaijua watu watatu, Syauswa, Eliane na mimi, na niliwaapisha. Kifo ningekuambia, Éphraïm. Ningekuambia wiki ileile, ningelia nawe kwenye simu. Jina lililokuwa kwenye simu ndilo lililonizuia, na barua yako ya kwanza ikanifunga mdomo kabisa. Umeandika siku, umeandika saa, umeandika majani makavu. Nikikuambia amekufa utauliza lini, nikikuambia lini utajua mengine yote wewe mwenyewe. Hata kabla ya barua yako, nilipokwenda kuchapisha tisheti, Syauswa alikuwa ameshaniambia ni jina gani Papa aliliona kwenye simu. Nilitaka kumwambia fundi aandike tarehe 20 badala ya 21. Tante Orpa alikuwa amesimama nyuma yangu.

Tangu siku hiyo simu yoyote ikilia jirani natoka nje mpaka inyamaze. Ndiyo maana yangu iko kabatini.

Ukisema ni wewe uliyemwua nitakukatalia mpaka nife. Aliyemwua alikuwa na silaha. Wewe ulikuwa na habari njema.

Uliniuliza kama alisikia. Niliandika ndiyo kwa sababu nilitaka iwe ndiyo. Ukweli ni kwamba sijui. Masikio yake unayajua. Sitakudanganya mara ya tatu.

Dada yako ambaye hajui aombe vipi msamaha,
Florentine


Brest, tarehe 8 Desemba 2024

Yaya Florentine,

Nakusalimu, na Bénite, na wageni wenu wa Kanyabayonga. Tante Orpa mwambie tisheti yake ninayo na inanitosha. Niliivaa ndani ya shati siku ya défense, tarehe 28. Mwambie pia kahawa ilikuwa nzuri. Niliikusanya yote sakafuni, sikuacha hata punje.

Nimepewa mastère yangu. Pampu haisikiki tena. Walizima mashine zote za chumba, wakaweka kipaza sauti mita tatu, majaji watano wakashika pumzi, na hakuna aliyesikia kitu. Waliniuliza kama nina la kuongeza. Nilitaka kusema kwamba kazi hii imekuja ikiwa imechelewa miezi tisa. Nikasema hapana, asante.

Nilisoma barua yako bafuni, nimefungua maji ili wenzangu wasinisikie nikilia. Sikukusamehe siku ile. Nimekusamehe siku zilizofuata, kidogo kidogo, na leo hasira imeisha. Peke yako umebeba kitu hiki tangu Februari, na kila barua nilikuwa nakuongezea. Kuhusu mimi, unakataa kwamba ni mimi. Endelea kukataa, yaya, usichoke, maana kila asubuhi mimi naanza upya kuamini kwamba ni mimi.

Toa simu kabatini. Iweke bila mlio. Kila Jumapili saa tisa mchana ya huko nitapiga, wewe uitazame tu mezani mpaka uone inawaka. Ukishindwa kuishika, usiishike. Nitajua uko hapo.

Na lile swali, sasa naweza kulijibu mimi. Nilichukua saa ya maabara, nikasema tena maneno yangu kama nilivyoyasema siku ile: “Papa, nimepita. Ni tournevis yako.” Ni sekunde tatu. Umeandika kwamba simu ilikuwa kwenye sikio tayari, na sauti yake unajua ilivyokuwa imewekwa. Sekunde kumi na moja zilizobaki nilikuwa napiga kelele mimi tu kwenye korido ya shule, watu wanageuka: “Papa, uko nanisikia? Papa? Uko nanisikia?” Mara tatu nilimwuliza. Nikasema ni réseau, nikakasirika.

Asingesikia, angesema allô. Wewe unamjua, asiposikia anapiga kelele allô mpaka majirani wanaitika. Siku ile hakusema hata mara moja. Alijua kwamba akifungua mdomo nitaitambua sauti yake, na nitajua kuna kitu, na habari yangu njema itaharibika.

Alikuwa ananisikia, yaya. Hakutaka mimi nimsikie.

Mdogo wako,
Éphraïm